Mama yake bibi alijifungia ndani na uchungu kwa kuonea aibu maumbile yake (Nkwenda, enzi za Mjerumani)

Wakuu, nawasalimu nyote, mliooga na ambao bado.

Mimi humu ni wa kusoma tu na kucheka peke yangu. Leo mvua imenikatia wateja, nimekaa dukani na chai yangu, nikasema acha na mimi nishushe uzi. Ni mama mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, nauza vitenge na mashuka hapa Nkwenda, Kyerwa. Sina umri wa kutunga uongo ili watu wasiojulikana wanisifie.

Mods, uzi huu ni wa maumbile ya mwanamke kule chini. Nitaandika kwa adabu lakini sitazungukazunguka. Wanaume mnakaribishwa, ila mkae viti vya nyuma na msikohoe.

Nianze na lililonikuta mimi.

Mwaka huu kituo chetu cha afya kilitangaza kupima saratani ya mlango wa kizazi bure. Nikaenda. Nikakaa kwenye foleni, nikasogea, nikasogea, halafu nikainuka nikasema nimesahau kufunga kufuli la duka. Duka nilikuwa nimelifunga vizuri kabisa.

Wiki iliyofuata nikarudi. Safari hii nilifika hadi benchi la mlangoni. Nikamchungulia nesi, binti mdogo, umri wa kitindamimba wangu. Nikajifanya simu inaita. Nikaenda zangu nikiongea na simu iliyozimwa.

Kipimo sikukiogopa. Nilichoogopa ni kuonwa.

Tangu usichana najua kwamba mimi pale siko kama nilivyodhani wenzangu wako. Yale mashavu ya ndani, upande wa kushoto umezidi, umetokeza nje na kuning'inia kidogo, wa kulia umejikunja ndani kama hauhusiki. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema neno. Lakini mtu anajijua mwenyewe.

Na huku kwetu jambo hili lina historia. Wanyambo wa zamani walikuwa na mila ya kuyarefusha hayo mashavu ya ndani. Mwanamke alifundwa na shangazi zake, na kwa lugha ya nyumbani mila hiyo ina majina ambayo sitayaandika nisije kufungiwa. Kwao ndiyo ilikuwa kukamilika. Sisi Waislamu wa madukani, wenye mababu waliotoka pwani, kwetu hiyo hakuna. Kwetu kungwi alisifia mwanamke aliye mdogo, aliyefunga, nadhifu.

Mimi damu yangu ni mchanganyiko. Basi nikawa najitania moyoni kwamba kushoto ni Mnyambo na kulia ni Mswahili. Utani tu, lakini uliniuma.

Jioni ya ile siku ya simu iliyozimwa nilikuwa namenya ndizi, nikamkumbuka bibi. Kuna jambo alinisimulia nikiwa na miaka ishirini na nne, wiki chache kabla ya kuolewa, naye akimenya ndizi hivyohivyo. Wakati ule nililisikiliza kwa sikio moja. Nilikuwa na mambo yangu ya harusi. Siku ile likanirudia lote.

Ni habari za mama yake, na yeye bibi ndiye mtoto aliyekuwa tumboni.

Sasa turudi nyuma, enzi za Mjerumani, kabla ya ile vita yao kubwa.

Mama yake bibi aliitwa Mwanahamisi. Mzaliwa wa Tabora, baba yake mtu wa Pangani aliyekwenda bara na biashara akasahau njia ya kurudi. Akaolewa na Salumu, mfanyabiashara wa nguo, naye akamleta huku Karagwe kwa miguu, wiki juu ya wiki, na marobota ya amerikani vichwani mwa wapagazi. Kyerwa kama wilaya haikuwepo, yote ilikuwa Karagwe. Na hapa Nkwenda hapakuwa mji, palikuwa njia ya watu wanaokwenda na kurudi ng'ambo kwa Mwingereza, Uganda.

Salumu akajenga banda la pembe nne katikati ya misonge ya watu. Watu wakawa wanakuja kuangalia pembe.

Mwanahamisi alikuwa na miaka ishirini na mbili hivi. Bibi alisema mama yake alikuwa mtu wa maringo. Alikuwa na kaniki zake, alikuwa na udi, na alijua kwamba ni mzuri. Kule Tabora kungwi wake, yaani somo aliyemfunda, siku alipokuwa akimwandaa kwa ndoa alimwambia ameumbwa vizuri. Basi. Hilo neno akalifunga kwenye mtumba akaja nalo Karagwe.

Jirani yake wa karibu alikuwa mwanamke wa Kinyambo, mke wa mkulima, anaitwa Kokunura. Walikuwa umri mmoja. Kokunura alikuwa anapenda kujua kila kitu, na alikuwa ameokota Kiswahili kidogo kwa wapagazi, kingine cha matusi bila yeye kujua. Wakapatana haraka.

Siku moja Kokunura akamchukua kwenda kuoga bondeni pamoja na wanawake wengine.

Mwanahamisi akaingia majini na kaniki yake, kama walivyo watu wa kwao. Wenzake wakavua kila kitu na kukaa juu ya mawe wakisuguana migongo. Wakamcheka, wakamwambia nguo haina uchafu, unaisugua ya nini. Akacheka nao. Halafu macho yake yakaenda yasikotakiwa kwenda.

Akaona. Kwa mmoja, kwa wa pili, kwa wa tatu.

Yule mama wa watu akadhani ni ugonjwa. Akadhani labda wanazaa vibaya na vitu vinatoka nje na havirudi. Akaoga upesi upesi, akarudi nyumbani akiwaonea huruma majirani zake wote.

Akamsubiri mumewe, akamwambia wanawake wa hapa ni wagonjwa, tutafute dawa. Salumu kabla ya kumwoa alikuwa ameishi huku miaka minne peke yake. Bibi alisema Salumu alikohoa, akasema anakwenda kuangalia ngozi alizonunua kama zimekauka. Alikaa huko kwenye ngozi mpaka chakula kikapoa.

(Ndiyo maana nimewaambia wanaume msikohoe.)

Kesho yake Mwanahamisi akamuuliza Kokunura mwenyewe, kwa upole, kama anavyoulizwa mgonjwa. Kokunura alicheka hadi akakaa chini. Akamweleza kwamba si ugonjwa, ni uzuri, na mwanamke asiyekuwa nayo hajakamilika. Halafu akaacha kucheka, akamwangalia.

"Na wewe je?"

Mwanahamisi akaibana kaniki yake, na Kokunura akaelewa.

Wakuu, Kokunura hakuwa mbaya. Bibi alilisisitiza sana hili. Alikuwa na mdomo tu. Kufikia juma lililofuata wanawake wote wa mlimani walijua kwamba mke wa Salumu, pamoja na udi wake na kaniki zake, hajakamilika. Wakawa wanamwonea huruma. Zile huruma alizokuwa anawapa wao, wakamrudishia zote na nyongeza.

Mimi hapa ndipo huwa nasimama kidogo. Mtu mmoja, mwili uleule. Tabora anaambiwa ameumbwa vizuri, akitembea wiki kadhaa anaambiwa hajamalizika. Mwili haukubadilika njiani. Kilichobadilika ni macho ya watu.

Lakini hayo nayasema mimi leo, nikiwa na chai mkononi. Yeye hakuwa na chai. Alianza kujikagua. Akaacha kwenda bondeni, akawa anaoga ndani. Bibi alisema hata udi aliacha kuufukiza.

Halafu akashika mimba.

Sasa likaja jipya. Wanawake walikuwa wanaamini kwamba yale mashavu marefu humsaidia mtoto kutoka, kwamba yanampokea. Si kweli, wadogo zangu mnaosoma. Yanaweza kuwa marefu au mafupi, mtoto hana habari nayo. Lakini wao waliamini, na walimwambia kwa nia njema kabisa. Mama, mtoto wako atapokelewa na nini?

Kwa mama yake mzazi ni mbali, mwendo wa wiki nyingi. Wa kumuuliza ni hao hao.

Basi alipofika mwezi wa nane akafanya kosa. Alikuwa amesikia kwamba wenyeji wanatumia majani na matunda fulani ya porini. Hakuuliza ni yapi, kwa sababu kuuliza ni kukiri. Akaokota tunguja kando ya njia, yale manjano, akayaponda, akajipaka mwenyewe akiwa peke yake. Alikuwa anataka kukamilika ndani ya mwezi mmoja kabla mtoto hajafika.

Kufikia siku ya tatu alikuwa amevimba, amebabuka, hawezi kukaa. Hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa ameondoka kwenda Bukoba kufuata mzigo.

Na uchungu ukaanza mapema, asubuhi, wakati hajapona.

Kokunura alisikia mguno akiwa nje ya ukuta. Akaja mbio, akamkuta ameshika nguzo. Akasema usiogope, nakwenda kumwita Kokugonza.

Kokugonza alikuwa mkunga. Mwanamke mzee, mwembamba, maskani yake upande wa Kimuli. Inasemekana watoto wa milima mitatu walipita mikononi mwake. Alikuwa na heshima kuliko wanaume wengi wa huku.

Kokunura alipogeuka tu, Mwanahamisi akasukuma marobota ya nguo, akaziba mlango. Lile la kwanza, la pili, na la tatu juu yake. Mwanamke mwenye uchungu, anasukuma marobota. Akapanga kuzaa mwenyewe. Alikuwa ameamua kufa ni sawa, lakini kuonwa alivyo, tena sasa amejiharibu, hapana. Alijua wataingia, wataona, na watasema si tulisema.

Kuna methali tuliandikia insha shule ya msingi, mficha uchi hazai. Mimi nilipata maksi nzuri kwenye ile insha. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu ilimtokea, tena ni wa ukoo wangu.

Kokugonza akafika jua limepanda. Kokunura yuko naye, na wanawake wengine wanne au watano wamekuja na maji ya moto. Wakabisha. Wakajibiwa na mguno. Wakasukuma mlango, haukwenda. Wakaita. Wengine wakaanza kulia. Mmoja akasema wavunje ukuta, mwingine akasema ukuta utamwangukia.

Kokugonza akawaambia wanyamaze. Akakaa chini nje, mgongo ukutani, pale alipokuwa anasikia pumzi kwa ndani. Akawa anahesabu uchungu kwa kusikiliza. Aliona unakaribiana halafu unapoa, unakaribiana halafu unapoa. Akajua aliye ndani anabana miguu.

Akamuuliza Kokunura, huyu anaogopa nini. Kokunura akainamisha kichwa, akasema lile alilolitangaza mlimani.

Yule mkunga akageuza uso ukutani. Halafu akaongea kwa sauti ya kawaida tu, Kokunura akawa anatafsiri kwa Kiswahili chake cha wapagazi.

"Waitu, mwanangu, mimi mwenyewe sikufundwa. Mama alikufa nikiwa mchanga, shangazi sikuwa naye. Niko kama ulivyo wewe. Nimezaa watano."

Kokunura akatafsiri nusu. Akamgeukia mkunga kuhakikisha kama amesikia sawa. Wale wanawake wengine wakashusha vyungu vya maji chini.

Maana huyu ndiye aliyewazalisha. Ndiye aliyekuwa anawaangalia mabinti zao walioolewa na kusema huyu yuko sawa. Alikuwa ameificha siri hiyo miaka yote, waume wawili, watoto watano, watu wa milima mitatu. Akaitoa pale nje mchana kweupe mbele ya watu wenye midomo, kwa ajili ya mtoto wa watu wa pwani ambaye hata sura yake hajaiona.

"Mwambie yote," Kokugonza akamwamuru.

Kokunura akaisema yote.

Halafu wakasikia robota moja linaburuzwa. Likachukua muda, kwa sababu alikuwa anasimama kila uchungu ukija. Mlango ulipopata nafasi ya mtu mwembamba kupita, Kokugonza akapita peke yake.

Mwanahamisi akamwambia kwa Kinyambo chake kibovu, nimejiharibu. Mkunga akatazama. Akasema umejichoma, hujajiharibu. Kisha akamwosha taratibu kwa maji ya uvuguvugu, akampaka samli, akamwambia sasa achia.

Bibi yangu akazaliwa alasiri hiyo. Mtoto alikuwa amechoka, hakulia mara moja, Kokugonza akamfanyia anayoyajua mpaka akalia. Alisema mtoto angekaa pale ndani kidogo zaidi, wangezika wawili.

Sasa wakuu, sehemu ninayoipenda ndiyo hii.

Siku ya saba Kokugonza alirudi kuangalia mzazi. Mwanahamisi amepata nguvu, Kokunura yupo anatafsiri. Wakaanza kuulizana. Kwenu kweli hakuna kabisa? Hakuna. Na watoto wanatoka? Wanatoka. Na waume hawalalamiki? Wanalalamika mambo mengine. Na Mwanahamisi akakiri kwamba siku ile bondeni alidhani wote ni wagonjwa. Walicheka hadi mzazi akaomba waache, kicheko kinamuuma tumbo.

Kokugonza ndiye aliyewapa elimu. Alisema katika wote aliowahi kuwazalisha hajaona wawili wanaofanana. Waliorefushwa na wasiorefushwa. Kuna wenye mashavu ya nje manene yaliyofunika kila kitu, kuna ambao ya ndani yametokeza yenyewe bila kuguswa na mtu. Kuna weusi tii hapo hata kama uso ni mweupe. Kuna ambao upande mmoja umezidi mwingine, na hao alisema ni wengi tu. Alisema pale ni kama masikio, kila mtu na yake, ila masikio watu wanayaona ndiyo maana hakuna anayelia.

Katika bidhaa za Salumu kulikuwa na vioo vidogo vya mkononi. Kokugonza akakiokota kimoja, akajitazama meno. Halafu akakaa anakigeuza. Akauliza kama anaweza kwenda nacho nyuma ya marobota mara moja.

Alikaa huko muda. Akarudi akasema neno moja tu, ambalo kwa Kiswahili ni "Kumbe."

Mwanamke aliyewaona wenzake wa nchi nzima, hakuwahi kujiona mwenyewe. Alikuwa ameficha miaka yote kitu ambacho hakukijua kilivyo. Akaondoka nacho kile kioo, na Mwanahamisi akamsindikiza hadi njiani.

Msidhani mambo yaliisha vizuri hapo hapo. Kokugonza alilipa. Habari ilienea ndani ya siku chache, na safari hii Kokunura anaapa si yeye. Nyumba kadhaa zikaacha kumwita. Walisema asiyekamilika atampokeaje mtoto. Alipopita watu walinyamaza. Mama yake bibi alikuwa anamwona anapita njiani mikono mitupu, na alisema ile ilimchoma kuliko tunguja.

Iliendelea hivyo miezi. Halafu Kokunura akashika mimba. Siku yake ilipofika, mama mkwe wake akataka aitwe mkunga mwingine. Kokunura akakataa, akasema aje Kokugonza au azae mwenyewe, na marobota yapo jirani anajua yanavyopangwa.

Kokugonza akaja. Na katika uchungu ule Kokunura, mwenye mdomo wake, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba yeye pande zake hazilingani. Kwamba pale bondeni siku zote alikuwa anakaa akiwa ameinua goti moja ili lisionekane. Na kwamba alipomtangaza Mwanahamisi alikuwa anashukuru moyoni, kwa sababu watu wakimwangalia mgeni hawatamwangalia yeye.

Baada ya hapo wanawake walianza kumrudia Kokugonza, mmoja mmoja. Wengine hata mimba hawana. Walikuwa wanakuja kuuliza tu. Mimi niko hivi, ni ugonjwa? Kutoka Kimuli, wengine hadi Rugu kule, mwendo wa siku. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Hayo ndiyo bibi alinisimulia. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema ananiambia kwa sababu ameona khanga yangu inatoka bafuni imelowa, naoga nimejifunga hata nikiwa peke yangu na mlango nimefunga. Nikaona aibu, nikabadilisha mazungumzo. Miaka thelathini sikulifungua tena.

Basi wiki ya tatu nikaenda kituoni.

Sitawadanganya kwamba nilikwenda kifua mbele. Miguu ilitaka kugeuka mara mbili. Nikajiambia kuna mtu alitangaza siri yake ya maisha ili wewe uwepo duniani, halafu wewe unamkimbia mtoto mwenye glavu.

Nikapanda kitandani. Nikatazama dari. Yule binti akanipaka siki, maana kipimo chenyewe ni siki tu kama ya kachumbari, wakaangalia kwa taa. Akamwita mwenzake. Nikajua sasa wameitana kuniangalia mimi.

Walikuwa wameona madoa meupe kwenye mlango wa kizazi.

Wakanieleza kwamba si saratani, ni dalili za mwanzo ambazo zikiachwa zinaweza kugeuka. Wakayachoma siku ile ile kwa kifaa cha joto. Inavuta kidogo tumboni kama hedhi, mnisikilize, ni kidogo tu. Nikapewa tarehe ya kurudi. Mkubwa wao akaniambia mama umefanya vizuri kuja sasa, watu wengi huja wakati hatuna la kufanya.

Nikashuka, nikajifunga khanga yangu. Na kwa sababu nimerithi ule udadisi, nilipobaki na yule binti nikaona acha nimuulize kabisa, nife nikijua.

Nikamwambia, "Mwanangu, sema kweli. Uliona nilivyo tofauti?"

Yule binti alikuwa anaandika kwenye daftari. Akainua macho, akafikiri kweli, naona alikuwa anajaribu kukumbuka.

"Tofauti gani, mama?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye kile kibenchi cha mlangoni, nikalia. Si kwa furaha tu. Nililia kwa hasira pia. Miaka yote ile, foleni mbili nimezikimbia, na nilikuwa nakaribia kuikimbia ya tatu.

Nilichojifunza ni kidogo. Hakuna mfano mmoja tuliotakiwa kufanana nao, si wa Tabora wala wa Karagwe, wala huo wa siku hizi wa kwenye simu ambao mabinti wanauonyeshana wakitaka kwenda kukatwa wawe kama picha. Kukiwa na maumivu, kuwasha, uchafu usio wa kawaida au damu isiyo ya hedhi, hiyo ni ya kupeleka hospitali. Umbo lenyewe si ugonjwa. Na msijipake tunguja, wala dawa ya mtu anayeuza kwenye status.

Akina kaka mliovumilia hadi hapa, ahsanteni. Mkirudi nyumbani msiulize maswali ya ajabu. Waambieni wake zenu kituo kinapima, na mbaki na watoto siku hiyo.

Wanaotaka kusema Wanyambo washamba au watu wa pwani wana maringo, uzi si wa hayo, mtanikuta.

Nawakaribisha mchangie. Wakunga na manesi mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Na dada yangu uliyewahi kuinuka kwenye foleni ukasema umesahau kufuli, andika tu hapa chini kwamba umepita. Sababu ya kuinuka si lazima uiseme. Jumatano naenda kituoni kusindikiza mtu, na kwenye benchi bado kuna nafasi.